Barabara za usiku: Marufuku imeondoka, giza limebaki

Kwa miaka ipatayo 30, abiria wa mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania walijua kwamba ikifika saa sita usiku safari husimama, popote walipo.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni mwezi Juni mwaka 2023 kwamba mabasi yataruhusiwa tena kusafiri saa 24. Wafanyabiashara walishangilia, na si bila sababu. Lakini swali lililoleta marufuku hiyo katika miaka ya 1990, yaani ajali na ujambazi wa usiku, halikujibiwa kwa tangazo.

Marufuku yenyewe ilikuwa na kasoro mbili.

Ya kwanza ni kwamba iliyahusu mabasi peke yake. Malori na magari madogo yaliendelea kupita usiku kucha, na lori lililoharibika, lisilo na taa wala kiakisi mwanga, likiwekewa matawi ya mti barabarani kama onyo, lilibaki pale pale. Ya pili ni kwamba dereva aliyetoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Mwanza, umbali unaozidi kilomita 1,100, alikuwa akishindana na saa tangu anapowasha injini. Hatari ya usiku ilihamishiwa mchana.

Kenya nayo imepita njia hiyo. Desemba 31 mwaka 2017, saa tisa alfajiri, basi na lori viligongana eneo la Migaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafariki. Serikali ilipiga marufuku safari za usiku mara moja. Hatua hiyo haikudumu.

Oktoba mwaka 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilipinduka Fort Ternan kabla ya mapambazuko na kuua zaidi ya watu 50. Maafisa walisema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Kama ni hivyo, lilivukaje vizuizi vyote vya polisi vilivyo njiani? Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, kuliko katika maandishi ya sheria.

Mwezi Oktoba mwaka 2025 ikawa zamu ya Uganda. Katika barabara ya Kampala kwenda Gulu, muda mfupi baada ya saa sita usiku, mabasi mawili yaliyokuwa yakijaribu kuyapita magari mengine kutoka pande mbili yalikutana uso kwa uso. Watu 46 walipoteza maisha.

London yazimwa taa

Uingereza yenyewe ina kumbukumbu chungu juu ya jambo hili. Septemba mwaka 1939 taa za barabarani jijini London na nchini kote zilizimwa kwa kuhofia ndege za Kijerumani. Petroli ilitolewa kwa mgawo, magari yakapungua, na hata hivyo mwaka 1941 watu 9,169 walikufa barabarani, idadi ambayo haijapata kufikiwa tena. Siku hizi ni takriban 1,600 kwa mwaka.

Wakuu hawakufunga barabara. Kingo za njia na mashina ya miti vilipakwa chokaa nyeupe, mwendo wa usiku mijini ukapunguzwa hadi kilomita 32 kwa saa, na yale "macho ya paka" ya Percy Shaw, fundi wa Yorkshire aliyeyabuni mwaka 1934, yakaonekana thamani yake. Baadaye zikaja sheria za uchovu: dereva wa lori hapumziki kwa hiari yake, bali hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu, na kifaa ndani ya gari hurekodi kila kitu.

Afrika Mashariki haikosi sheria za namna hiyo. Nchini Kenya dereva wa gari la abiria hatakiwi kuzidisha saa nane katika siku, na Tanzania mamlaka ya LATRA hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mtambo. Mtambo huo, hata hivyo, hauoni tela lililoegeshwa gizani.

Wala hatari si ya mabasi tu. Kila Desemba, Waafrika Mashariki waishio London hutua Nairobi au Dar es Salaam usiku, wamekesha ndani ya ndege, na jamaa aliyekuja kuwapokea, naye ameshinda kazini mchana kutwa, anageuza gari usiku huo huo kuelekea kijijini.