Pamba Linux yako, ila duka kwanza

Leo nagusa jambo ambalo wengine wataliita la kitoto: kupamba skrini ya kompyuta.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida, na laptopu nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Sisi wa Karagwe na Kyerwa, ambao laptopu ya mtumba ndiyo saizi ya mfuko wetu, Linux ni njia nzuri. Ni bure, na inakubali mashine nyonge.

Sasa kuna wanaosema, mteja wa Dar anayeagiza senene au kahawa ya kusaga haioni skrini yako, ya nini kuipamba? Hapo nawapinga nusu.

Mteja haioni, sawa. Ila wewe unaikodolea macho kutwa nzima. Mgeni wa Linux akifungua asijue menyu iko wapi, maandishi madogo kama sisimizi, kesho anarudi kwenye daftari. Ukikuza fonti, ukaweka WhatsApp, hesabu na folda ya picha za bidhaa pale mkono wako unapozoea kwenda, kazi inakwenda. Hilo si pambo tu, ni kupanga duka. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wazo ni lile lile: kompyuta imfuate mtu, si mtu aifuate kompyuta.

Nusu nyingine nawaunga mkono, maana kuna hatari. Pambo la kompyuta mara nyingine nalo ni programu, linaweza kuendesha amri ndani ya mashine. Machi 2024, mtumiaji mmoja wa KDE alisakinisha themu kutoka kwenye duka lao la mtandaoni, ikamfutia mafaili yake. KDE wenyewe wakatoa tahadhari. Fikiria ni wewe: orodha ya wateja, waliolipa nusu, picha za mzigo, vyote kwisha kwa ajili ya aikoni nzuri.

Kwa hiyo mimi nashauri utaratibu huu:

1. Kama ni mgeni, anza na Linux Mint. Paneli iko chini na menyu iko kushoto, hutapotea. RAM ikiwa ndogo, chukua toleo la Xfce, ni jepesi kuliko Cinnamon.

2. Kabla ya kugusa chochote, fungua Timeshift, inakuja na Mint, utunze hali ya mfumo. Ila kwa kawaida haitunzi picha na mafaili yako. Hayo nakili kwenye flashi au diski ya nje.

3. Tumia themu zilizokuja na mfumo kwanza. Badilisha kitu kimoja, fanya nacho kazi siku mbili, ndipo uguse kingine. Kikiharibika utajua ni kipi.

4. Amri yenye sudo uliyoikuta mtandaoni usiibandike kama hujui inafanya nini. Sudo ni sawa na kumpa mgeni funguo zote za duka.

5. Unapohariri picha za bidhaa, zima ile rangi ya njano ya usiku. Ukirekebisha kitenge huku skrini imegeuka njano, mteja anatumiwa rangi aliyoikuta kwenye mzigo, siyo aliyoiona kwenye picha. Kifurushi kikirudishwa kutoka Dar hadi Kayanga au Nkwenda, nauli inakula faida yote.

6. Wanaoweka themu nyeusi ili kuokoa chaji: kwenye skrini za LCD, ambazo ndizo nyingi kwenye laptopu zetu, haisaidii kitu cha maana, kwa sababu taa ya nyuma inawaka vile vile. Umeme ukikatika, punguza mwanga wa skrini.

Msimamo wangu ndio huo. Pambo likikupunguzia hatua za kumjibu mteja, liweke. Likikula jioni nzima na oda hazijajibiwa, hiyo ni starehe, isubiri Jumapili.

Wewe kwako ulibadilisha nini cha kwanza, na kilikusaidia kuuza? Tuandikie hapo chini, wengine wajifunze.