Barua ya Wazi kwa Avatar Studios: Yule Mama Bado Hajajibiwa

Kwa Ndugu Michael Dante DiMartino, Ndugu Bryan Konietzko na uongozi wa Nickelodeon,



Februari 2025 mlitangaza kwamba mnaandaa Avatar: Seven Havens, sehemu 26, na kwamba Avatar mpya ni binti mwenye kipawa cha kuamrisha ardhi. Nimeipokea habari hiyo kwa furaha. Lakini kabla hamjaufikia mwisho wa kazi hiyo, nawaomba mrudi kuzitazama sehemu mbili mlizorusha kwa mpigo Juni 23, 2012, zilizofunga msimu wa kwanza wa The Legend of Korra. Sikuridhika nazo siku ile, na hata leo siridhiki.

Msimu ule mliuanza kwa swali zito. Katika dunia ambamo baadhi ya watu huzaliwa wakiweza kuamrisha maji, ardhi, moto au hewa, nani anamtetea aliyezaliwa mikono mitupu? Mlituonyesha Republic City yenye magenge ya wenye vipawa yanayowatoza wenye maduka pesa kwa vitisho. Mkamleta Amon, mtu wa barakoa, akihubiri usawa, na watu wakamfuata kwa sababu alikuwa akitaja maumivu wanayoyajua. Kisha katika sehemu ya nane diwani Tarrlok akatangaza kafyu kwa wasio na vipawa peke yao, akawakatia umeme mtaani kwao na kuwakamata walipotoka kuulizia. Mtazamaji aliyewahi kuishi chini ya kafyu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katika umati ule mama mmoja alimlilia Korra awasaidie, akimkumbusha kwamba yeye ni Avatar wao pia.

Kwangu mimi, kilio kile ndicho kiini cha msimu mzima. Nilisubiri mwisho umjibu.

Mlichotupa ni Amon kutupwa baharini kupitia dirishani, maji yakamwosha kovu bandia la rangi usoni, na umati ukagundua kwamba naye ni mwenye kipawa, mtoto wa mhalifu Yakone. Sawa, kiongozi alikuwa mwongo. Lakini kafyu ilikuwa kweli. Umeme ulikatwa kweli. Mkaizamisha hoja ya maelfu pamoja na mtu mmoja aliyeitumia, halafu hadithi ikahamia Ncha ya Kusini, jiji likaachwa nyuma bila neno. Msimu wa pili ulipoanza, miezi sita ilikuwa imepita kwenye hadithi na jiji lilikuwa na rais, Raiko, asiye na kipawa. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia ya jiji hilo yalitokea sisi tukiwa hatupo. Hilo lilistahili kuonyeshwa kuliko mapigano yoyote.

Jambo la pili ni Korra mwenyewe. Binti huyu wa miaka 17, aliyejijua tangu utotoni kuwa ni Avatar, yaani mwenye kuamrisha vyote vinne, ananyang'anywa na Amon maji, ardhi na moto. Katara, tabibu mkubwa, anashindwa kumponya. Anakwenda kulia kwenye ukingo wa jabali, na dakika chache baadaye Aang, Avatar aliyemtangulia, anamtokea na kumrudishia kila kitu. Hata Lin Beifong, mkuu wa zamani wa polisi wa jiji, aliyekubali kupoteza kipawa chake ili kuinusuru familia ya Tenzin, mwalimu wa Korra, anarudishiwa chake kabla hatujapata muda wa kuomboleza naye. Msiba ulioondolewa matanga kabla wafiwa hawajaketi.

Nafahamu kwamba msimu huo mliubuni kama hadithi fupi ya sehemu 12 inayojitegemea. Muda ulikuwa mfinyu na mafundo yote yalitakiwa kufungwa. Hata hivyo muda haukuwazuia kuandika kifo cha Tarrlok na Noatak (ndilo jina halisi la Amon), ndugu wawili ndani ya boti, mmoja akifanya uamuzi wa kutisha huku mwenzake akitokwa na chozi. Katika katuni ya watoto, sijaona tukio lenye ujasiri kama lile. Hapo hamkumwokoa mtu.

Na mlithibitisha baadaye kwamba mnaujua uzito wa jeraha. Msimu wa tatu ulipoisha, Agosti 2014, Korra alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, zebaki ya adui wake Zaheer ingali mwilini mwake. Sehemu ya "Korra Alone" ikatupitisha katika miaka yake mitatu ya kujifunza upya kutembea, kuogopa na kujikimbia. Hiyo ndiyo kazi bora mliyopata kuifanya, na mliirusha wakati kituo kilikuwa kimekwisha kuiondoa tamthilia kwenye televisheni na kuipeleka mtandaoni. Watazamaji waliifuata hukohuko.

Kwa hiyo ombi langu kuhusu Seven Havens ni hili. Mkimpa Avatar mpya adui mwenye hoja ya haki, msiiue hoja kwa kumfichua adui. Mkimwondolea binti huyo kitu anachokipenda, mwacheni akikose kwa muda. Na kama kutakuwa na mama mwingine katika umati anayelilia msaada, nawasihi mumjibu kabla ya sehemu ya 26 kwisha.

Wasalaam,
Mtazamaji wenu