Damu Uliyotoa Hurudi



Mama mzazi akitokwa na damu nyingi, huhitaji kuongezewa damu upesi. Akiikosa, anaweza kufa. Hospitali huwaomba ndugu zake wajitolee. Lakini wengi hurudi nyuma. Husema, "Damu yangu ikitoka, nitabaki dhaifu maisha yangu yote." Maoni yangu ni kwamba hofu hii haina msingi. Tuone ni kwa nini.

Mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5. Ndani ya damu mna chembe nyekundu. Chembe hizo hubeba hewa safi kutoka kwenye mapafu. Kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Kwa hiyo hata usipotoa damu, chembe nyekundu ulizo nazo leo si zile za mwaka jana. Je, chembe mpya hutoka wapi?

Hutoka kwenye uboho. Uboho ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Humo mna seli chache ziitwazo seli shina. Mgomba ukikatwa, machipukizi huota kutoka shinani. Seli shina nazo hufanya kazi kama hiyo. Hujigawa. Nyingine hubaki seli shina, nyingine hugeuka kuwa chembe za damu.

Haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 1961, James Till na Ernest McCulloch wa mji wa Toronto, Kanada, walieleza jaribio lao. Walichukua panya, wakawapiga mionzi mikali iliyoharibu uboho wao. Kisha wakawadunga seli za uboho wa panya wengine. Baada ya siku 10 hivi, vivimbe vidogo vilionekana kwenye bandama za panya hao. Ndani yake mlikuwa na chembe mpya za damu. Mwaka 1963 wao na wenzao walionyesha kwamba kivimbe kizima kilitokana na seli moja tu.

Sasa tupime. Anayejitolea hutoa damu isiyofika nusu lita. Maji ya damu hurudi katika siku moja au mbili. Chembe nyekundu hurudi baada ya wiki kadhaa. Ndiyo sababu huambiwa angoje miezi 3 au zaidi kabla ya kutoa tena. Naye hupimwa kwanza. Mwenye upungufu wa damu haruhusiwi kutoa. Mama mjamzito vilevile. Kula maharage, mchicha, dagaa na nyama, ili uboho upate madini ya chuma ya kutengenezea damu.

Tena tusingoje mpaka mama awe kitandani. Damu lazima ipimwe magonjwa kabla ya kutumika, na kupima huchukua muda. Anayetokwa na damu hana muda huo. Tujadili jambo hili katika mkutano wa kijiji. Wenye afya njema wajiandikishe, waende kutoa damu mapema. Wewe itarudi mwilini mwako. Mama akifa, harudi.