Lori Jipya: Saa ya Muuzaji na Saa ya Ziwa

Askari anapovua sare baada ya miaka ishirini au zaidi ya utumishi, mara nyingi hushika mkononi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Fedha hiyo ndiyo malipo ya jua na mvua, ya doria za usiku, na ya miaka mingi ya kuishi mbali na jamaa. Kwa yule ambaye kwao ni Kabuta, au kijiji kingine cha ufuko wa Ziwa Mweru katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, wazo la kuigeuza fedha hiyo kuwa lori si la ajabu. Samaki wako ziwani, walaji wengi wako mbali katika miji ya machimbo ya shaba, na kati yao ipo barabara. Mwenye chombo cha kuchukulia mizigo ndiye aunganishaye pande hizo mbili.

Swali linalowasumbua wengi si kama lori linafaa, bali ni lini linunuliwe ili fedha ipate thamani yake. Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba mnunuzi angoje mwisho wa mwaka, kwa sababu wakati huo wauzaji hupunguza bei. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Muuzaji ana saa yake, sarafu ina saa yake, na ziwa lina saa yake. Anayeitazama saa moja tu na kuzisahau nyingine, huweza kununua kwa bei nafuu chombo kitakachomtia hasarani.

Saa ya muuzaji

Tuanze na muuzaji. Mwenye duka la magari mapya hufanya kazi kwa malengo ya mwezi, ya robo mwaka na ya mwaka mzima. Karibu na mwisho wa kila kipindi, gari ambalo halijauzwa humlemea, kwa maana fedha iliyolinunua imelala, na pengine inadaiwa riba. Zaidi ya hayo, kila lori lina kibao kinachoonyesha mwaka lilipotengenezwa. Mwezi wa Januari ukifika, lori la mwaka uliopita huonekana limezeeka hata kama magurudumu yake hayajakanyaga lami. Hii ndiyo sababu punguzo la mwezi wa Desemba ni la kweli, wala si hila.

Hata hivyo, mnunuzi yafaa ajiulize atakaa na chombo hicho miaka mingapi. Yule anayekusudia kulitumia lori mpaka lichakae hana haja ya kujali sana mwaka ulioandikwa kibaoni. Punguzo ni faida yake tupu. Lakini yule anayekusudia kuliuza baada ya miaka mitatu atakutana na mnunuzi mwingine ambaye naye atasoma kibao kilekile, na kile alichopunguziwa alipolinunua atakipunguza yeye mwenyewe wakati wa kuuza.

Saa ya sarafu

Saa ya pili ni ya sarafu. Malori yanayouzwa Zambia, hata yale yanayounganishwa nchini, hutegemea vitu vinavyonunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Na kwacha, kwa sehemu kubwa, hupanda na kushuka pamoja na shaba, bidhaa inayoiletea nchi hiyo sehemu kubwa mno ya mapato yake ya nje. Mwanzoni mwa mwaka 2015 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa kwacha zipatazo 6 na nusu. Bei ya shaba ilipoanguka, na umeme ukapungua kwa sababu ya uhaba wa maji katika bwawa la Kariba, dola hiyo hiyo ilipita kwacha 12 mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Mwezi wa Julai 2021 dola ilikuwa imepita kwacha 22. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Agosti ilishuka, na mwezi wa Septemba ilikuwa karibu kwacha 16. Mapema mwaka 2025 ilikuwa karibu 28, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeteremka chini ya 24.

Tupige hesabu kwa mfano. Lori la dola 50,000 kwa kiwango cha kwacha 22 ni kwacha 1,100,000. Kwa kiwango cha 16 ni kwacha 800,000. Tofauti ni kwacha 300,000. Punguzo la asilimia 5 atakalopewa mnunuzi mwisho wa mwaka, kwa bei ile ya juu, ni kwacha 55,000 tu. Basi anayehangaika kutafuta punguzo huku hajui sarafu inaelekea wapi, anaokota sumni huku noti zikipeperuka.

Lakini hapa pana hatari ya kukosea kwa upande wa pili. Hakuna mtu, awe mchumi wa benki au mchuuzi wa soko la Kashikishi, awezaye kuagua kwa hakika kwacha itakuwa wapi miezi sita ijayo. Askari aliyeweka matumaini yake yote katika kungoja sarafu iimarike anacheza kamari, na mtaji wa kamari hiyo ni uzee wake. Lililo ndani ya uwezo wake ni kulitazama gari lenyewe na kuuliza liliingia nchini lini. Kwacha inapoanza kudhoofika, gari lililokwisha kuingia kwa kiwango cha zamani ndilo rahisi, nalo halitakaa dukani muda mrefu. Kwacha inapoimarika, mambo hugeuka. Muuzaji aliyelipia shehena yake kwa kiwango cha juu hataki kupata hasara, hivyo huishikilia bei ya zamani; wakati huo ndipo subira ya miezi miwili au mitatu, mpaka shehena mpya iingie, huwa na malipo.

Kwa anayenunua kwa mkopo pana jambo jingine la kuangalia. Riba ya msingi ya Benki Kuu ya Zambia ilikuwa asilimia 8 mwezi wa Agosti 2020. Mwezi wa Novemba 2024 ilikuwa imefika asilimia 14, na riba ya benki za biashara huwa juu ya hiyo. Bei nafuu iliyofungwa katika mkopo ghali si bei nafuu.

Saa ya ziwa

Sasa tuifikie saa ya tatu, ambayo muuzaji wa Lusaka au Kitwe haioni kabisa. Katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Nyinyi wasomaji wetu mnaijua amri hiyo vizuri, kwa kuwa baadhi yenu mmepata kusimama barabarani na ufukoni kuisimamia. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua kubwa, wakati njia za udongo zinazotoka vijijini kuja barabara kuu zinapogeuka matope. Kwa hiyo mwezi ule ule muuzaji anapopunguza bei, mzigo wa Kabuta unakoma.

Tumfikirie mtu aliyechukua lori mwanzoni mwa Desemba kwa punguzo la kwacha 55,000, na anayepaswa kuirudishia benki kwacha 20,000 kila mwezi. Katika Desemba, Januari na Februari atakuwa amelipa kwacha 60,000, bila kutaja bima na ada za barabara, kwa chombo kilichoegeshwa chini ya mwembe. Punguzo lote limekwisha kuliwa kabla ya gunia la kwanza la dagaa, wale waitwao chisense na wenyeji, kupakiwa. Aliyelipa taslimu hadaiwi na benki, lakini hata yeye dhamana yake ya kiwandani imeanza kuhesabiwa tangu siku aliyokabidhiwa gari, na miezi mitatu imepotea.

Kinyume chake, uvuvi unapofunguliwa tarehe 1 Machi na mvua kuanza kupungua mwezi wa Aprili, huja msimu mrefu wa kazi. Samaki wabichi na wakavu husafirishwa kupitia Mansa. Na tangu daraja la Chembe lilipofunguliwa mwaka 2008 juu ya Mto Luapula, mahali palipokuwa na pantoni, malori yanayokata kupitia ardhi ya Kongo kwenda Mufulira hayangoji tena zamu ya kuvushwa. Miezi ya Mei na Juni huleta mavuno ya mahindi. Katika kurudi, mwenye lori hutafuta unga, chumvi, saruji na mabati ili asirudi mtupu. Lori lililo tayari barabarani mwezi wa Machi huuwahi msimu mzima; lililonunuliwa mwezi wa Septemba, hata kwa bei nzuri, huwa na muda wa miezi michache tu kabla ya ziwa kufungwa tena.

Haraka ya shida

Historia inayo mfano mkubwa wa kununua malori pasipo nafasi ya kuchagua. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia, na muda mfupi baadaye Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Mafuta ikabidi yabebwe kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na ambayo madereva waliipa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 ikaanzishwa Kampuni ya Malori ya Zambia na Tanzania, kwa ubia na Waitaliano, nayo ikatumia malori ya Fiat. Hapakuwa na wakati wa kungoja punguzo. Nchi ilikuwa karibu kusimama. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi, na mzigo ule uliowalazimisha watu kuyatafuta malori kwa haraka ukahamia bombani. Mwaka 1976 reli ya TAZARA nayo ikakabidhiwa rasmi.

Tunajifunza mawili. La kwanza, anayenunua kwa shida hukubali bei aliyopewa; dola ililazimika kufanya hivyo kwa ajili ya uhai wa taifa, lakini mtu binafsi halazimiki. La pili, mzigo ulioko leo huweza kuhama kesho. Kwa hiyo, kabla ya kununua, ni heri mtu akodi lori la mwingine kwa msimu mmoja, aandike katika daftari kila safari, kila lita ya mafuta na kila mara aliporudi bila mzigo. Daftari hilo litamwambia ukweli ambao hakuna muuzaji atakayemwambia.

Kufunga bei, kungoja gari

Je, saa hizi tatu hazipatani kamwe? Zinapatana, ikiwa mnunuzi atatenganisha siku ya kufunga bei na siku ya kupokea gari. Muuzaji anataka mauzo yaandikwe kabla ya mwaka kwisha. Mnunuzi anataka gari mwishoni mwa Februari. Basi bei ifungwe Desemba kwa kwacha, amana ilipwe, na mkataba uandikwe ukitaja namba ya chesisi na ya injini, siku ya kukabidhiana, na kwamba dhamana itaanza kuhesabiwa siku hiyo ya kukabidhiana. Mkataba usiotaja namba hizo usitiwe sahihi. Wala fedha yote isitolewe kwa gari ambalo bado liko baharini au ambalo halijalipiwa ushuru pale Nakonde.

Aidha, kabla ya kuulizia punguzo, mnunuzi aulizie vipuri. Kutoka Nchelenge mpaka Mansa ni zaidi ya kilomita 200, na karakana kubwa ziko mbali zaidi ya hapo. Lori linalokaa wiki mbili likingoja kipuri katikati ya mwezi wa Julai humpotezea mwenyewe siku ambazo hazirudi. Mara nyingine gari ghali kidogo, ambalo fundi wa Mansa analijua na vipuri vyake viko rafuni, ndilo rahisi.

Mwisho, sheria yenyewe imempa mtumishi wa Zambia nafasi ya kufikiri. Katiba ya nchi hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaagiza katika kifungu cha 189 kwamba mtumishi ambaye mafao yake ya uzeeni hayakulipwa siku yake ya mwisho ya kazi, ataacha kazi lakini jina lake litabaki katika orodha ya mishahara mpaka alipwe. Muda huo wa kungoja usipite bure. Ndio wakati wa kulijaza daftari, wa kutembelea maduka matatu au manne bila fedha mfukoni, na wa kuzungumza na madereva wa Kashikishi. Maana siku mafao yanapolipwa, mshahara hukoma, na ndugu na wauzaji husikia habari siku hiyo hiyo.

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mnunuzi wa lori hazipingani. Ya kwanza aishike mpaka mizigo ijulikane, vipuri vipatikane na mkataba uandikwe sawasawa. Hayo yakitimia, na mwezi wa Machi ukiwa unakaribia, aishike ya pili, alipe, na aondoke na gari lake.