Waranti isifie Oraba

Lori linalotoka Arua kwenda Oraba leo halina tena kisingizio cha matope. Lami ya kilomita 92 inayoanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita Arua na Koboko hadi mpakani mwa Sudan Kusini, na shehena inayopita juu yake imebadilika. Zamani ilikuwa zaidi chumvi, sabuni, sukari na bia. Siku hizi kuna pia mashine za kusaga, jenereta, pampu za maji, paneli za sola na betri zake, pamoja na pikipiki zikiwa bado kwenye maboksi. Vyote hivyo huvuka kwenda Kaya na kuendelea hadi Yei. Kinachobaki Uganda ni ahadi ya kiwanda.

Ahadi hiyo wengine huiita waranti, wengine garantii, na wenye Kiswahili cha ofisini husema dhamana. Kwa jina lolote lile, karatasi yenyewe huwa imeandikwa kwa ajili ya nchi moja. Wakala wa Kampala huahidi kutengeneza au kubadilisha mashine aliyoiuza yeye, kwa mnunuzi ambaye jina lake limo kwenye risiti yake, iwapo italetwa kwenye karakana yake. Mama mwenye mashine ya kusaga Yei hayumo popote katika sentensi hiyo. Hakununua kwa wakala. Alinunua kwa mfanyabiashara wa Koboko, ambaye naye huenda alinunua kwenye duka la jumla Arua. Akifungua boksi anaikuta kadi, nzuri, yenye nembo na rangi, na hana njia ya kuitumia.

Tatizo la kwanza ni saa. Waranti ya miezi sita huanza kuhesabiwa siku ya risiti ya kwanza. Mashine ikikaa mwezi mmoja stoo Arua, ikakaa miwili mingine Koboko ikisubiri mteja au ikisubiri barabara ya Yei itulie, basi mteja anauziwa nusu ya waranti bila kujua. Kasoro za kiwandani, kama pampu ya dizeli inayovuja au bearing iliyofungwa vibaya, mara nyingi hujitokeza mapema kazi ikishaanza. Lakini kazi yenyewe imeanza wakati saa ya wakala imekwisha kula nusu ya muda.

La pili ni maandishi madogo. Waranti nyingi za jenereta ndogo hazihusu kazi ya biashara wala ya kukodisha. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayewasha taa nyumbani umeme ukikatika. Kaya na Yei jenereta hiyohiyo huchaji simu za mtaa mzima, huendesha saluni na friji ya soda, kutoka asubuhi hadi usiku. Aliyeiuza anajua hivyo, aliyeinunua anajua hivyo, na pengine hata kiwanda kinajua, kwa kuwa ndiko soko lake liliko. Kadi peke yake ndiyo haijui. Na paneli za sola zina kichekesho chao: paneli za kawaida hutolewa na ahadi ya miaka 25 ya kuzalisha umeme, zikauzwa na duka ambalo halina uhakika wa kuwa na mlango uleule baada ya miaka miwili.

Hasara humwangukia nani? Mteja wa Yei hamjui mwenye kiwanda, na hana haja ya kumjua. Anamjua aliyepokea pesa zake. Mashine ikizima katikati ya msimu wa kusaga, anapanda gari hadi Koboko na kusimama dukani mbele ya wateja wengine. Mwenye duka ana njia mbili: kununua spea kwa pesa zake, au kumwambia mteja kwamba waranti haivuki mpaka. Akichagua ya pili, habari hufika Yei kabla mteja hajafika. Wengi huchagua ya kwanza, na faida ya mashine tatu huishia kwenye kuikarabati ya nne. Huo ni mtaji wa mtu mdogo unaolipia kosa la kiwanda kikubwa, na hesabu hiyo haiandikwi popote.

Anayeamua kuirudisha mashine kwa wakala hukutana na safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Oraba hadi Kampala, nauli juu yake, halafu forodha. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Injini ya China au India haimo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa kuingizwa kwa muda bila kulipiwa ushuru, na mashine mbovu inayokwenda kutengenezwa ingeweza kupitia mlango huo. Lakini njia hiyo inataka karatasi, na mara nyingi dhamana ya fedha, mambo yaliyofikiriwa kwa ajili ya makampuni yenye mawakala wa forodha. Mtu mwenye mashine moja iliyofungwa kamba nyuma ya pikapu hakuwa akilini mwa walioandika. Ndiyo maana mashine nyingi huachwa zilikofia, zikafunguliwa na fundi wa jirani, na fundi akishagusa bolti ya kwanza waranti nayo imekwisha kisheria.

Hata hivyo wafanyabiashara hawana mikono mitupu kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji wa biashara auze kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Wajibu huo ni wa muuzaji mwenyewe, uwe na kadi ya kiwanda au usiwe nayo. Duka la jumla la Arua linalosema “nenda Kampala kwa wakala” linajaribu kuuvua mzigo ambao sheria imeliwekea. Na dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, ambako hakuna mawakili wa kuwakilisha upande wowote. Mfanyabiashara wa Koboko aliyenunua Arua anaweza kuutumia. Mteja wa Yei itambidi avuke mpaka kwanza, na hapo ndipo ujirani mwema unapopimwa.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara hawapendi kuambiwa. Bei ya “bila risiti” inapunguza ile VAT ya asilimia 18, na Arua hadi Oraba watu huiomba kwa jina. Mashine iliyonunuliwa bila risiti haina tarehe ya kununuliwa, haina muuzaji, na mbele ya wakala au hakimu ni kana kwamba iliokotwa. Tangu mwaka 2021 risiti za kielektroniki za EFRIS zinaweza kuhakikiwa mtandaoni kwa namba yake, kwa hiyo wakala hawezi kudai ni ya kughushi. Anayekimbia asilimia 18 kwenye injini ya dizeli anakuwa amelinunua tatizo lote kwa bei ya punguzo. Vilevile ni busara injini kuwashwa na kusagishwa gunia moja mbele ya muuzaji kabla ya kupakiwa, na namba yake kuandikwa kwenye risiti. Hayo hufanyika kwa pikipiki. Kwa mashine ya kusaga watu huishia kuipigapiga bodi kwa mkono.

Kwingineko mambo haya yamepatiwa majibu, na moja linatoka mahali pasipotarajiwa. Marekani, wawindaji na walenga shabaha hununua mashine za mkono za kujaza risasi upya, biashara ambayo Oraba haihitaji na haiitaki. Kiwanda kimoja cha mashine hizo, Dillon Precision, kimejenga jina lake juu ya waranti ya maisha kwa mashine zake za kawaida, isiyojali mwenye mashine ni mnunuzi wa kwanza au wa tano. Ahadi inaifuata mashine, si risiti. Kiwanda hakikufanya hivyo kwa huruma. Mashine iliyotumika yenye ahadi hai hushika bei, na anayejua itashika bei hulipa zaidi akiinunua mpya. Kadi ya namna hiyo ndiyo inayohitajika kwenye injini inayopita mikono mitatu kabla ya kufika Yei.

Jibu jingine ni la Ulaya. Tangu agizo la mwaka 1999 la Umoja wa Ulaya, muuzaji hujibika kwa walaji kwa muda wa angalau miaka miwili kuhusu kasoro iliyokuwamo siku ya kukabidhi bidhaa, na mtu wa Ubelgiji aliyenunua Ujerumani ana haki ileile. Mtandao wa vituo vya walaji huwasaidia wenye malalamiko ya kuvuka mipaka. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, Sudan Kusini ikajiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo pale Salia Musala, nchi tatu zinapokutana karibu na Koboko, zote tatu ni za Jumuiya moja. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataja ustawi wa mlaji katika shabaha zake, na mamlaka iliyoundwa nayo iko Arusha. Kuweka kanuni moja fupi, kwamba waranti ya bidhaa iliyouzwa kihalali katika nchi mwanachama moja iheshimiwe na wakala wa kiwanda hichohicho katika nyingine, kumo ndani ya kazi waliyopewa.

Mawakala hawana haja ya kusubiri Arusha. Wanaweza kuanza kuhesabu muda siku ambayo mtumiaji wa mwisho anaandikwa, kwa namba ya mashine, si kwa jina la mwenye lori. Wanaweza kuteua karakana moja Arua au Koboko iruhusiwe kufungua injini bila kuvunja waranti. Na wanaweza kuandika kadi kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya Uganda imeitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, kikiwemo kifungu kinachosema wazi kama saluni na kuchaji simu kunaruhusiwa au hapana.

Forodha ya Oraba nayo inaweza kupewa fomu ya ukurasa mmoja kwa mashine inayorudi kutengenezwa: namba ya mashine, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, muhuri wa Kaya na wa Oraba. Mavuno yakianza, mashine za kusaga ndizo hupakiwa kwanza. Fomu hiyo haichukui msimu mzima kuchapishwa.