STAA ANAPOSTI GESI, MAMA NTILIE BADO YUPO NA MKAA WAKE!

Kuna staa mmoja wa filamu hapa Dar, jina lake linabaki kapuni, kaposti video yupo jikoni anageuza mayai kwenye jiko la gesi. Kucha ndefu, wigi la maana. Chini kaandika kwamba kupikia mkaa zama hizi ni ushamba tu.

Mama mmoja anayeuza chakula Manzese akamuuliza swali moja: "Dada, hilo jiko umenunua au umepewa?"

Kimya mpaka leo.

Na swali ndiyo hilo hilo. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000, na zinatakiwa zote kwa mkupuo. Mkaa unapimwa kwa kopo, na muuzaji akikuzoea anakukopesha mpaka jioni. Mama ntilie hela yake inaingia sahani kwa sahani, kwa hiyo na matumizi yake yanaenda hivyo hivyo. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, mkaa unaweza kabisa kuizidi gesi kwa gharama. Lakini nani anaamka Jumatatu na hela ya mwezi mzima mkononi? Huo sio ushamba jamani.

Kuhusu mkaa wenyewe, staa hajakosea. Moshi unaua vifua, na misitu ya Pwani na Morogoro inaishia kwenye majiko ya Dar. Mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sawa, ila kwa posti za kutukana watu hatufiki.

Halafu mbona jiko la presha la umeme mastaa hawaliposti? LUKU unanunua hata ya buku, na maharage yanaiva fasta bila kula umeme mwingi. Shida ni bei ya jiko lenyewe, na umeme ukikatika ndiyo basi tena.

Kama lile lilikuwa dili, na linanukia dili, kampuni ingechukua nusu ya hela ya staa ikawakopeshe mitungi akina mama wa Manzese, walipe kila jioni kama wanavyolipa mkaa. Video wangerekodi bure, tena na sufuria lenye wali wa watu arobaini, sio mayai mawili.