Taa Ndani ya Jiwe



Hakuna mama wa Pwani asiyejua tofauti ya changu na taa pindi ashikapo kisu. Changu ana miba, nasi humwonya mtoto amle kwa hadhari. Taa hana miba hiyo nyamani. Kisu hupita hadi kwenye kitu cheupe chenye ugumu wa kiasi, ambacho kikiiva vyema jino la mtu mzima hukitafuna. Kitu hicho ni gegedu, mfano wa ile tuliyo nayo puani na masikioni. Papa naye ni vivyo hivyo. Wataalamu huwaita wote hawa samaki wa gegedu, nasi tumewajua jikoni kabla ya kuwajua vitabuni.

Juma hili twapenda kulitazama swali ambalo mtoto wa shule aweza kumuuliza mamaye. Mwalimu amemfundisha kwamba viumbe wa kale hujulikana kwa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, na kwamba kilicho kigumu ndicho hubaki. Je, samaki asiye na mfupa hubakije?

Jibu la kwanza limo kinywani mwake. Gegedu huoza upesi, lakini jino halikubali kuoza kwa urahisi. Papa na taa hung'oka meno na kuota mengine maisha yao yote, na papa mmoja aweza kuangusha maelfu ya meno kabla ya kufa. Ndiyo maana meno yao ni katika visukuku vinavyopatikana kwa wingi duniani. Hata ngozi ya papa, ambayo wazee wetu waliitumia kama msasa wa kulainisha mbao, imejaa vijino vidogo mno visivyoonekana vyema kwa macho matupu. Navyo pia hubaki mchangani baada ya mwili kutoweka.

Jibu la pili ni kwamba gegedu ya samaki hawa si laini kabisa. Juu yake hutandazwa vigae vidogo vidogo vya madini ya kalisi, vimepangwa ubavu kwa ubavu mfano wa sakafu ya nakshi. Samaki akifa na kuzama penye matope laini, mahali ambapo hapana hewa ya kutosha wala viumbe wa kumla, vigae hivyo huweza kuhifadhi umbo lake lote, tangu mabawa hadi mkia. Jambo hilo ni nadra, na ndiyo sababu kisukuku cha taa mzima huthaminiwa sana.

Watu hawakuyafahamu haya kwa siku moja. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, meno ya papa yaliyopatikana mawe­ni yaliitwa mawe ya ulimi. Waliyanunua kwa bei, wakayavaa kama hirizi, wakaamini kuwa huzuia sumu. Mwaka 1666 alivuliwa papa mkubwa karibu na mji wa Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa tabibu kutoka Denmark aliyeitwa Nicolaus Steno. Alipokipasua na kuyatazama meno, aliona kuwa yanafanana na yale mawe ya ulimi. Mwaka uliofuata alichapisha maoni yake kwamba mawe hayo ni meno ya papa wa kale. Hirizi ikavuliwa siri yake, na aliyeivua alikuwa mtu aliyekubali kufumbua kinywa cha samaki na kutazama, kama afanyavyo kila anayeparura samaki nyumbani.

Ni haki pia tuwakumbuke waliotangulia kabla ya Steno kwa zaidi ya miaka 600. Ibn Sina, katika kitabu chake ash-Shifaa, alieleza jinsi miili ya wanyama na mimea iwezavyo kugeuka jiwe. Al-Biruni naye, katika karne ya 11, alitaja makombe ya baharini yaonekanayo ndani ya mawe, akayafanya kuwa dalili kwamba jangwa la Uarabuni liliwahi kuwa bahari. Hawa ni wanazuoni ambao majina yao tumewapa shule na hospitali zetu. Ni vyema watoto wetu wajue kwamba waliyatazama mawe kwa makini namna hiyo.

Katika nchi za Mashariki ya Kati, mahali pajulikanapo zaidi kwa samaki wa mawe ni milima ya Lebanon. Mwaka 1253, mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alipokuwa Saida, aliletewa jiwe lililopasuka kwa matabaka, na ndani yake mlikuwa na samaki aliyetimia. Habari hiyo iliandikwa na Jean de Joinville aliyekuwa pamoja naye. Hadi leo, katika vijiji vya Haqel na Hjoula, juu ya mji wa Jubail, wachimbaji hupasua mawe ya chokaa wakakuta taa wa duara wenye miba, na taa wengine warefu wenye umbo la gambusi. Umri wao hukadiriwa kuwa miaka milioni 95 hivi.

Wala si mbali na kwetu. Kusini mwa Tanzania, katika mkoa wa Lindi, kuna kilima cha Tendaguru. Hapo Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuchukua mifupa ya mijusi mikubwa iliyosimamishwa Berlin hata leo. Katika mawe ya hapo hapo yamepatikana pia meno madogo ya samaki. Watafiti walipoyachapisha mwaka 2002 walieleza baadhi yake kuwa ya jamii ya taa, wakampa samaki huyo jina la Engaibatis schultzei. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Basi mwambao huu haukuanza kuwajua taa jana.

Lakini kisukuku kilichotugusa zaidi sisi akina mama kiko Marekani, katika jimbo la Wyoming. Palikuwa na ziwa pale, yapata miaka milioni 52 iliyopita, na matope yake yamewahifadhi taa kwa namna ya kustaajabisha. Miongoni mwao amepatikana jike pamoja na vijusi vyake. Mimba ile imesomwa juu ya jiwe kama inavyosomwa leo katika picha ya hospitali.

Tukitafakari, jiwe hilo latueleza jambo la leo. Taa wenye mwiba mkiani hawatagi mayai kwa maelfu kama samaki wengine. Jike hubeba watoto tumboni, huwalisha humo kwa majimaji mfano wa maziwa, kisha huzaa wachache walio hai. Desturi hiyo ya kuzaa haba na kulea kwa muda iliwafaa kwa mamilioni ya miaka, maana baharini hapakuwa na nyavu. Sasa nyavu zipo. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2021 walionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa upanga, ambaye kwa hakika ni katika jamii ya taa, ana spishi tano duniani, na zote zimo hatarini.

Hatuyasemi haya kumlaumu mvuvi, wala mama karanga ambaye ada ya shule ya wanawe imo ndani ya karai lake la mafuta. Twajua mchuzi wa papa ni chakula cha wazee wetu, na twapenda wajukuu wetu waurithi. Ndiyo hasa sababu ya kusema. Anayenunua ndiye anayemfundisha anayevua. Tukiwakataa taa wachanga wasiozidi sahani, mvuvi hatakuwa na haja ya kuwaleta sokoni. Tukimwomba mume, kaka au mwana amrudishe majini jike mwenye mimba angali hai, tutakuwa tumeokoa uzao mzima kwa tendo moja.

Na siku mtoto atakapokaa karibu nawe ukimkata taa, usimfukuze jikoni. Mpe kipande cha gegedu akipinde kwa vidole. Mwonyeshe meno bapa yaliyopangwa kama vigae, umweleze kwamba mengine mfano wa hayo yalilala Tendaguru kabla hata ya mja kukanyaga ardhi hii. Binti anayeanza kwa kutazama hivyo aweza kesho kuwa ndiye anayeyasoma mawe ya mwambao wetu, tusingoje wageni watusomee.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.